Saiba yangu ina mashini sita za Windows 10, nihamie Linux ama ntajuta?

bi_saiba_kisauni

Hamjambo humu ndani. Nna swali na naomba msinicheke maana mie si mtu wa kompyuta ya ndani ndani, mie ni wa kutaipu na kuprinti tu. Nna saiba ndogo hapa Kisauni, mashini sita, zote zile desktopu za mitumba za kutoka Uingereza, i5 kizazi cha 6, RAM 8, na mwaka juzi nlizitia SSD zote, tangu hapo hazijanisumbua hata siku moja. Sasa hii Windows 10 ndo ishakatiwa apdeti tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na nikiwasha chatokea kijitangazo chanambia mashini yako haifai kwenda 11, tafuta mpya. Mpya sita kwa pesa gani? Kodi ya chumba yenyewe naipigia mahesabu mpaka tarehe kumi.

Fundi wa kwanza akanambia atanitilia 11 kwa ujanja wake, elfu moja mia tano kila mashini, hakuna maswali. Kisha kuna kijana mmoja wa chuo huja kuprinti asaimenti, yeye akasema "anti, tia Linux uachane na hawa watu, ni bure." Ati ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Bure? Mie nkisikia bure huuliza nani amelipa.

Kazi zangu ni CV na barua, kuprinti, kuskani, watu kuingia eCitizen ya huduma za serikali na HELB ya mikopo ya wanafunzi, KUCCPS ya nafasi za vyuo msimu ukifika, na fomu za kodi ya serikali mwezi wa sita pale mji mzima wakumbuka siku moja. Mashini moja ni yangu mwenyewe, nafanyia hesabu za duka la mume wangu, na yeye kashasema nisiguse kitu chafanya kazi. Mlio na uzoefu niambieni kweli. Na wateja wakikuta sura ngeni si wataenda saiba ya jirani?

fundi_makupa

Dada, kwanza USIFORMATI KITU leo. Wengi naowajua walioilaani Linux ni wale walioformati Ijumaa usiku na Jumamosi asubuhi wana wateja foleni mlangoni.

Mashini zako hazina ubaya. Windows 11 yataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu, zako ni za 6, hapo ndo umekwama, si kwamba nguvu hazitoshi. Ule ujanja wa fundi wako wafanya kazi, hata mie nshaufanyia watu, lakini Microsoft wenyewe wasema mashini isiyotimiza masharti hawaiahidi apdeti, kwa hivyo waweza kulipa hiyo elfu tisa halafu siku moja apdeti kubwa ikakataa kuingia na fundi hashiki simu. Njia ya kulipia apdeti za Windows 10 ipo pia, kwa biashara ni dola 61 kila mashini mwaka wa kwanza, mwaka wa pili bei yawa mara mbili, wa tatu mara mbili tena kisha basi. Mara sita, piga mwenyewe. Na yataka Windows iwe ya leseni halali, hapo sikuulizi kitu 😄

Nani amelipa? Swali zuri. Kiini chake, kerneli, alikianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo sehemu kubwa ya wanaoiandika ni waajiriwa, Intel, Red Hat, Google na wengineo, maana seva zao wenyewe zaendeshwa na hiyo hiyo. Si sadaka, kila mmoja atengeneza kile akitumiacho halafu waweka chungu kimoja. Simu ya Android pia ndani ni kerneli ya Linux, kwa hivyo wateja wako waingia saibani na Linux mfukoni kila siku bila kujua.

Ningekuwa weye ningefanya hivi. Wiki mbili za kwanza bakia na Windows yako hiyo hiyo lakini tia LibreOffice (ya kuandikia na hesabu, kama Word na Excel) na Firefox (ya kuingilia intaneti), zote mbili ziko bure na zafanya kazi kwenye Windows vilevile. Ficha Word. Taipu CV zako zote kwa LibreOffice. Ikikushinda hapo, hata Linux itakushinda, maana kinachosumbua watu sana sana ni programu walizozizoea, sio mfumo, na utakuwa hujapoteza chochote. Ukiona mambo yaenda, chukua flashi ya GB 8, shusha Linux Mint, aina ya Linux iliyo rahisi kwa mgeni (karibu GB 3, tumia waifai usimalize bando), itie kwenye flashi kwa programu ya Rufus, kisha iwashe mashini kutoka kwenye flashi bila kuinstoli. Hapo diski yako haijaguswa. Jaribu sauti, intaneti, printa, skana. SKANA hasa. Kisha zima, toa flashi, washa, Windows yako iko palepale.

Na ukishusha hakikisha ile namba ndefu ya SHA256, ya kuhakiki kama faili ni lile lile, yalingana na ya kwenye tovuti yao. Si kiherehere, Februari 2016 tovuti ya Mint ilivamiwa, wezi wakaelekeza kiungo kwenye kopi iliyotiwa mlango wa nyuma, iligunduliwa upesi lakini waliokwisha kuishusha walishaishusha.

nahodha_likoni

Ndo nyinyi mafundi, mwasifia tu, kisha mtu akikwama mwasema "soma terminali". Mie ntasema upande wa pili.

Mwaka 2022 nlihamisha kompyuta ya duka langu la vifaa vya ujenzi, sikuuliza mtu, nliona video tu nikapanda mori. Siku ya kwanza raha tupu, mashini yawaka kwa sekunde chache, nikajiona profesa. Siku ya pili nafungua programu ya hesabu, haipo, na kampuni yenyewe haijatengeneza ya Linux. Nikaambiwa tumia Wine, ile ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, nikatumia, ikafungua nusu, ripoti ya mwezi yatoka kurasa tupu. Printa ya leza nlonayo (kampuni sitaji) draiva yake ilikuwa kilometa mbili za maelezo, nikaipata saa nane usiku na asubuhi baada ya apdeti ikapotea tena. Wiki moja naandika risiti kwa mkono, mke wangu akipita anicheka tu. Nikaregea Windows na sikuona haya. Hata mji wa Munich huko Ujerumani, serikali nzima ya mji ile, walipiga kura 2003 kwenda Linux na 2017 wakapiga tena kuregea.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Dada hiyo mashini ya hesabu za mumeo USIIGUSE, hizo nyingine fanya utakavyo.

fundi_makupa

Nahodha mbachao wenyewe ushatoboka ndo maana twaongea hapa 😄 Lakini kwa programu ya hesabu uko sawa kabisa sikubishii. Kama ni QuickBooks ya kuinstoli ama programu yoyote ya aina hiyo, mashini hiyo ibaki Windows. Sijasema zote sita.

Munich nayo, kule ugomvi ulikuwa wa siasa na mipango kuliko kompyuta, tusifungue hapa tutakesha.

maalim_mstaafu

Wanangu naomba niingie, mie nshakula chumvi kidogo kwa mambo haya.

Nlifundisha kompyuta shule ya sekondari kabla hamjajua intaneti ya simu. Zamani hizo Ubuntu, aina nyingine ya Linux, walikuwa wakituma CD bure kwa posta, waandika anwani yako kwenye tovuti kisha wasubiri wiki kadhaa, na siku moja naitwa posta nkidhani ni barua ya mwanafunzi, kumbe ni bahasha ya CD zimepangwa vizuri na jalada la rangi, hata ushuru sikutozwa. Walikoma kutuma mwaka 2011. Jina lenyewe Ubuntu ni neno la Kibantu la kusini, ni huu huu utu tuusemao sisi, na aliyeanzisha Linux hiyo mwaka 2004, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice, programu za ofisi kama LibreOffice, kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Nliitia labu yangu, wanafunzi wakacheka maneno kwanza, "hifadhi", "hariri", kisha wakazoea. Kwa hivyo mambo haya si ya juzi hapa pwani, ni kwamba sisi twayasahau halafu twayaita mapya.

Lakini Bi Saiba, nlilotaka kukwambia hasa ni flashi. Saiba ni nyumba ya flashi. Kila mtu aingia na yake imetoka saiba nyingine na vidudu vyake. Wavijua vile virusi vya shotikati, mteja akufungulia flashi yaonyesha viikoni vya folda, yeye aklik, kumbe folda halisi imefichwa na ile ni shotikati inayoamsha kirusi? Labu yangu iliuguzwa na hicho kidudu muhula mzima. Kwenye Linux kile kishotikati hakina kazi, ukiklik hakiamshi kitu, na folda halisi ya mteja waiona imekaa pembeni yake kama kawaida, maana ile alama ya kuificha ni ya Windows na Linux haiijali. Wanafunzi walikuwa wakitoka Majengo na Tononoka kuja kuokolewa makala zao kwa mashini yangu moja ya Linux pale pembeni. Ila usijidanganye, kirusi chenyewe bado kimo ndani ya flashi, kifute, la sivyo mteja ataenda nacho nyumbani na lawama ni zako.

mtoto_wa_tudor

maalim heshima 🙏 swali tu la pembeni, gemu je

fundi_makupa

Nyingi za Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, zacheza siku hizi kwa kitu chaitwa Proton. Zile za mtandaoni zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyaji nyingi zakataa, Valorant sahau kabisa. Haya turudi kwa dada.

bi_saiba_kisauni

Ahsanteni wote, maalim Mungu akuweke. Nimefanya kama fundi alivyosema, nimetia LibreOffice kwa mashini mbili na hii ni siku ya nne. Nna malalamiko mawili matatu.

La kwanza, mteja akiniletea CV imetaipiwa kwa Word mistari yaruka. CV ya kurasa mbili yawa mbili na mistari mitatu, na mie nachaji kwa ukurasa, mteja aniangalia kama mwizi. La pili, zile fomu za kodi za Excel, yaani zile zenye vitufe vya kuhakiki na kutengeneza faili, LibreOffice yafungua lakini vitufe ni kama vimekufa. La tatu mie huwa nafuta mafaili ya wateja kwa mkono kila jioni, vitambulisho, vyeti, watu waacha kila kitu kwenye desktopu. Je huko Linux kuna njia?

fundi_makupa

La kwanza, hapo kwenye Windows fonti unazo, ni LibreOffice yapanga mistari tofauti kidogo na Word. Ukihamia Linux litaongezeka la fonti. Word siku nyingi imekuwa ikianza na Calibri, na Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. Mashini isiyokuwa nayo yatafuta nyingine, upana wa herufi si sawa, basi mstari waruka. Kuna fonti zimechorwa makusudi zikiwa na upana ule ule herufi kwa herufi, Carlito ndo ya kushika nafasi ya Calibri na Caladea ya Cambria, na zile za Liberation zashika za Arial na Times New Roman. Ziko bure kwenye meneja wa programu wa Mint, tafuta jina tu. Ukizitia utaona kurasa nyingi zakaa. Jedwali na picha zitayumba kidogo bado, sikudanganyi. Na CV ukimaliza mpe mteja PDF pamoja na ile ya kuhariri, PDF haibadiliki popote.

La pili ni makro, zile programu ndogo ndani ya faili. Ziliandikwa kwa lugha ya Excel na LibreOffice yaielewa nusu nusu. Usipigane nayo, hizo fomu zifanyie kwa ile mashini itakayobaki na Windows. Ndo sababu nasema tano na moja.

La tatu utanipenda. Mint ina akaunti ya mgeni. Nenda kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia, sehemu ya watumiaji, ruhusu wageni. Mteja aingia bila paswedi, afanya kazi yake, akitoka KILA KITU alichoacha chajifuta, historia, vyeti, paswedi ya eCitizen aliyosahau kutoka. Ila waambie mapema, waandikie karatasi ukutani, maana atatokea mtu ameandika insha ya masaa matatu akatoka bila kuihifadhi kwenye flashi, na hiyo hairudi, hata mie siwezi kuirudisha.

chausiku_mtwapa

Nachangia kidogo kwa sababu haya yalinikuta mie. Nliweka zote mbili kwa laptopu moja, Windows na Mint, nikawa naona mafaili ya Windows lakini siwezi kuhifadhi kitu humo, yasema ya kusoma tu. Nlihangaika siku tatu nkidhani diski imekufa. Kumbe Windows haizimi kabisa, ile mipangilio ya umeme ya kuwasha haraka yaifanya ilale nusu na kufunga diski. Nliiondoa kule kwenye Windows, nikaizima vizuri, ikaisha hapo hapo. Na kama laptopu ina BitLocker, ule ufungaji wa diski wa Windows, hakikisha ile namba ndefu ya kufungulia umeiandika mahali KABLA hujagusa bayosi, ile mipangilio ya kuwashia mashini. Desktopu zako za zamani pengine hazina lakini angalia.

Na msiinstoli stima ikiwa ya kupepesa. Najua mwajua. Nasema tu.

nahodha_likoni

Hiyo ya stima nakubali kwa moyo wote. Na hiyo akaunti ya mgeni sikuijua, kwa saiba hiyo ni kitu. Bado siregei lakini.

bi_saiba_kisauni

Nimeregea baada ya wiki tano, niliahidi nitasema ukweli.

Mashini nne ziko Mint sasa. Fundi alikuja mbili za kwanza, mbili nlifanya mwenyewe usiku mtoto akiwa amelala, na nliogopa kuliko nilivyoogopa kujifungua, wallahi. Yangu ya hesabu imebaki Windows. Intaneti yake nimeitoa maana haina apdeti za usalama tena, waya umening'inia, faili la kodi nikilimaliza nalihamisha kwa flashi na kulipandisha kwenye tovuti kutoka mashini ya jirani yake. Mume wangu haamini kama kuna kitu kimebadilika kwa sababu yake ndo ileile. Ya sita nimeiacha kwanza, ntaeleza.

Wateja walikuwa na kelele siku mbili tatu. "Word iko wapi?" Nikaweka ikoni ya LibreOffice mahali pa Word, nikaandika chini yake BARUA NA CV, kelele zikaisha. Mzee mmoja huja kila asubuhi kusoma magazeti, akaa mashini namba nne, hajagundua hadi leo, na mie sijamwambia. Vijana ndo waliuliza sana, ati ni haking? Karatasi ya ukutani niliiandika kwa herufi kubwa, UKITOKA VITU VYAKO VITAFUTIKA, na bado wawili wameshalia, mmoja alikuwa na tafsiri ya cheti cha ndoa kurasa sita. Nikamtaipia upya bure. Sasa nikiona mtu anyanyuka nauliza kwanza, umetia flashi?

Virusi vya flashi maalim umesema kweli tupu. Zamani mafaili ya wateja yalipotea kila wiki kwa ajili ya zile shotikati, sasa nafuta kidudu mteja akiona kwa macho yake na wengine waleta flashi kwa kazi hiyo tu. Nimeanza kuchaji shilingi hamsini. Mniambie kama ni dhambi.

Lililonishinda ni skana. Printa kubwa iliingia yenyewe, nlichomeka waya ikajitambua, hata draiva sikutafuta. Lakini ile skana ya zamani ya bapa, Mint yaiona jina, nikibofya skani yanguruma kisha yanyamaza, ukurasa mweupe. Ndo nimeiacha mashini ya sita na Windows kwa ajili yake, na hiyo iko kwenye intaneti maana wateja wataka skani itumwe kwa imeli hapo hapo, na mie sipendi. Wapi napata skana iliyotumika isiyo na maneno?

fundi_makupa

Dada hongera, mbili mwenyewe si mchezo. Hamsini si dhambi, ni ujira.

Skana usinunue kwa kuangalia sura. Chukua namba ya modeli, itafute kwenye orodha ya SANE, huo ndo mradi wa draiva za skana kwa Linux, waandika kabisa ipi yafanya kazi kamili, ipi nusu, ipi haifanyi. Kama yasema kamili nunua, kama haimo achia pale pale dukani hata kama muuzaji akuapia. Kisha siku ya kununua nenda na laptopu yenye Mint, ichomeke hapo hapo kaunta, skani karatasi moja mbele yake ndo utoe pesa.

Mie ntapita Jumamosi niitazame na hiyo ya zamani kabla hujatupa, nyingine huwa zataka tu faili moja dogo la kampuni ambalo halikuja na mfumo.

bi_saiba_kisauni

Sawa, baada ya adhuhuri basi, asubuhi nna watu wa fomu. Na uje na flashi yako ya kuinstolia, yangu mteja ameondoka nayo na ndo ilikuwa na Mint ndani, sijui akifika kwao akaiwasha itakuwaje.

mtoto_wa_tudor

atajiunga na sisi tu huyo 😂